Faili Mbili za Kijana Mmoja

Hospitali ya Port Reitz, upande wa bara wa Mombasa, ina sifa mbili. Kwa wakazi wa Chaani, Magongo, Mikindani na Changamwe kwa jumla, ni hospitali ya karibu: huko ndiko anakokimbizwa mama aliyeshikwa na uchungu, na huko ndiko anakopelekwa kwa tuktuk kijana aliyeanguka na pikipiki. Kwa Pwani nzima, ni mahali penye wodi ya akili. Ukisema mbele ya watu wa Mombasa kwamba fulani kapelekwa Port Reitz, hawakuulizi anaumwa nini.

Pande zote mbili zimejaa vijana wa kiume. Huku wanaletwa wakivuja damu kichwani. Kule wanaletwa na ndugu waliowashika mikono, wamechanganyikiwa kwa bangi, pombe, muguka wa kutafuna, vidonge au unga, yaani heroini. Tumezoea kuyahesabu haya kuwa majanga mawili. La kwanza ni la barabara, tunawaachia polisi wa trafiki na NTSA, mamlaka ya usalama barabarani. La pili tunaliita la maadili, tunawaachia maimamu, wachungaji, machifu na NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Hoja ya makala haya ni kwamba sehemu kubwa ya majanga hayo ni janga moja lenye awamu mbili. Kijana huporomoka katika miezi ya katikati, baada ya kidonda cha kichwa kufunga na kabla ya uraibu kutambuliwa, wakati ambapo hakuna ofisi inayomhesabu kuwa mgonjwa wake.

Kinachoumia ndani ya fuvu

Fuvu likigongwa, ubongo ulio ndani yake hausimami papo hapo. Husukumwa mbele, hurudi nyuma, hujipinda. Sehemu zinazoumia zaidi ni za mbele, nyuma ya paji la uso, na za pembeni usawa wa masikio, kwa sababu huko mifupa ya ndani ina kingo kali. Nyuzi ndefu zinazounganisha sehemu moja na nyingine nazo huvutika na kukatika, hata pale ambapo picha ya CT haionyeshi damu yoyote iliyovuja. Ndiyo maana mtu anaweza kuambiwa picha ni safi, akarudi nyumbani, na watu wa nyumbani wakaona waziwazi kwamba si yule aliyetoka.

Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo breki za mtu. Humfanya asubiri, apime matokeo, anyamaze anapotukanwa, aache alichokianza anapoona kina hasara. Tiba imelijua hili tangu 1848, pale Phineas Gage, msimamizi wa wajenzi wa reli huko Vermont, Marekani, alipopigwa na mtaimbo uliopenya shavuni na kutokea juu ya fuvu. Aliishi zaidi ya miaka 11 baada ya ajali hiyo, akitembea na kuzungumza, lakini daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba rafiki zake hawakumwona tena kuwa Gage waliyemjua.

Kwa kijana kuna la ziada. Sehemu hiyo ya mbele ndiyo ya mwisho kukomaa, na huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini. Anayegongwa akiwa na miaka 19 anapoteza kitu ambacho hakuwa amemaliza kukipata. Na umri huo huo ndio wa kujaribu: msokoto wa kwanza, muguka wa kwanza, kete ya kwanza ya unga.

Tukiziangalia dalili moja moja, tunaona jinsi mtaa unavyoingia mahali pa daktari. Aliyeumia kichwa hukosa usingizi usiku na kusinzia mchana. Kichwa humuuma kwa wiki au miezi. Mwanga na kelele humkera. Husahau, hukasirika upesi, hushindwa kufuatilia mazungumzo ya watu watatu kwa pamoja. Kila dalili kati ya hizo ina dawa yake kibarazani. Asiyelala anapewa bugizi, vidonge vya kulevya vya usingizi, au bangi. Anayesinzia anapewa muguka. Mwenye maumivu anaelekezwa kwa muuza dawa asiyeuliza karatasi ya daktari, anarudi na tramadol. Mwenye hasira na aibu anapewa pombe. Hakuna kati ya hizi anayopewa kwa nia mbaya, na zote kwa siku za mwanzo humsaidia. Tatizo ni kwamba ubongo uliojeruhiwa hulewa upesi kuliko mzima na huwa na breki chache za kumwambia mtu sasa basi. Pombe, tena, huamsha kifafa, ambacho ni tokeo linalojulikana sana la majeraha makubwa ya kichwa.

Ushahidi na mipaka yake

Je, uhusiano huu umepimwa, au ni hisia tu? Umepimwa, ingawa kwa sehemu kubwa mbali na hapa. Huko Christchurch, New Zealand, watafiti wamewafuatilia watoto 1,265 waliozaliwa mwaka 1977 tangu kuzaliwa hadi utu uzima. Wale waliolazwa kwa jeraha la kichwa kabla ya kufikisha miaka mitano walikuwa, walipofika miaka ya ishirini, na uwezekano mkubwa zaidi wa kutegemea pombe au dawa za kulevya kuliko wenzao ambao hawakuumia. Nchini Sweden, Seena Fazel na wenzake walichapisha mwaka 2014 uchambuzi wa kumbukumbu za kitaifa za miaka 41, zenye watu zaidi ya 218,000 walionusurika majeraha ya ubongo. Uwezekano wao wa kufa kabla ya kufikisha miaka 56 ulikuwa mara tatu ya watu wengine. Walipolinganishwa na ndugu zao wa tumbo moja ambao hawakuumia, bado ulikuwa zaidi ya mara mbili, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliokuwa pia na maradhi ya akili au uraibu.

Kulinganisha ndugu kuna maana, kwa sababu kunajibu kwa sehemu pingamizi lenye nguvu kuliko yote: kwamba kijana mpenda kasi ndiye anayeanguka na ndiye anayejaribu dawa, kwa hiyo jeraha halikusababisha lolote. Pingamizi hilo lina ukweli ndani yake. John Corrigan wa Chuo Kikuu cha Ohio State alionyesha katika mapitio yake ya mwaka 1995 kwamba kati ya theluthi na nusu ya wanaofikishwa hospitalini na majeraha ya ubongo walikuwa wamelewa walipoumia. Kwa hiyo mshale unaelekea pande zote mbili: ulevi unaleta jeraha, na jeraha linaleta ulevi. Lakini mapitio hayo yalionyesha jambo jingine ambalo lingefaa kubandikwa ukutani katika kila chumba cha majeruhi. Katika mwaka wa kwanza baada ya kuumia, wengi hupunguza pombe. Miaka inayofuata, huirudia. Upo mlango ulio wazi kwa miezi kadhaa, halafu unajifunga.

Kwetu Pwani kuna sababu nyingine ya kudhani kwamba vichwa vingi huumizwa mapema kuliko tunavyofikiri. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Wellcome, waliopo Kilifi tangu 1989, wameonyesha kwamba karibu mtoto mmoja kati ya wanne wanaopona malaria ya ubongo hubaki na upungufu fulani wa kumbukumbu, lugha au tabia. Utafiti huo haukuwa wa dawa za kulevya na haupaswi kulazimishwa useme hivyo. Unatukumbusha tu kwamba kijana anayepanda pikipiki kwa mara ya kwanza huenda akawa na ubongo uliokwisha kupigwa mara moja.

Kazi iliyobaki ni ya barabarani

Changamwe ilijengwa na kazi za kudumu. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilianza mwaka 1963, na palikuwa na matangi ya Kipevu, reli, bandari na karakana zilizozizunguka. Ajira hizo zilikuwa na mafunzo, zamu, kofia ngumu na karani aliyeandika jina la aliyeumia. Mwaka 2013 kiwanda kiliacha kusafisha mafuta, kikabaki cha kuhifadhi. Reli mpya, SGR, ilizinduliwa mwishoni mwa Mei 2017, na mwaka 2019 serikali ilipoamuru mizigo ya kwenda bara isafirishwe kwa reli, malori yalipungua barabarani. Pamoja nayo wakapungua makanika, walinzi wa yadi, mama ntilie na vijana wa kupakia na kupakua. Watu wa Mombasa waliandamana kila Jumatatu kwa wiki kadhaa. Serikali mpya ilirudisha shughuli za kutoa mizigo bandarini Septemba 2022, lakini mlolongo wa riziki ukishakatika haufungwi kwa tamko.

Pengo hilo lilijazwa na pikipiki. Tangu serikali ilipoondoa ushuru kwa pikipiki ndogo mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, bodaboda imekuwa ajira ambayo kijana anaweza kuianza Jumatatu bila cheti. Ni riziki halali na imelisha nyumba nyingi. Lakini haina karani wa kuandika jina la aliyeumia, na sehemu yake ya kazi ni barabara ya kuelekea uwanja wa ndege na barabara za bandari, ambako anagawana lami na malori ya makontena.

Simama kwenye steji yoyote ya Magongo jioni uangalie helmeti. Moja imening'inizwa kwenye kioo cha pembeni. Nyingine imevaliwa lakini mkanda wake wa kidevuni unapepea. Mtu akianguka, itatangulia yenyewe. Ya tatu, ya abiria, imefungwa kwa mpira nyuma ya kiti, ndani yake sifongo limelowa jasho la watu hamsini. Abiria anaikataa, na ana haki ya kuona kinyaa. Sheria inawataka wote wawili wavae. Mapitio makubwa ya kitaalamu ya mwaka 2008 yalihitimisha kwamba helmeti hupunguza majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69 na vifo kwa asilimia 42. NTSA huhesabu waliokufa, zaidi ya watu 4,000 nchini kila mwaka katika miaka ya karibuni. Aliyenusurika akiwa na ubongo usiofanya kazi kama zamani hana safu yake katika hesabu hiyo.

Upande wa pili wa mizani, dawa zipo tele na zipo karibu. Unga umekuwa Pwani tangu miaka ya 1980, na pwani ya Afrika Mashariki imekuwa njia ya heroini ya Afghanistan inayoteremka kwa majahazi kutoka pwani ya Makran. Aprili 2014, meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata zaidi ya tani moja ya heroini kwenye jahazi karibu na maji ya Kenya. Miezi michache baadaye serikali ya Kenya iliilipua na kuizamisha meli nyingine, Al Noor, pamoja na mzigo wake wa heroini nje ya Mombasa. Ndugu wawili wa familia ya Akasha, waliopelekwa Marekani mwaka 2017, walihukumiwa vifungo vya miaka 25 na 23. Mizigo inayopita huacha makombo, na makombo ndiyo kete za maskani, vijiwe vya vijana. Utafiti wa NACADA wa mwaka 2022 ulikuta kwamba kati ya kila Wakenya sita wenye umri wa miaka 15 hadi 65, mmoja anatumia angalau kilevi kimoja. Mombasa ilipojaribu kuzuia muguka Mei 2024, suala hilo likaishia mahakamani na kwenye majibizano ya kisiasa kati ya kaunti zinazolima na kaunti zinazotafuna.

Miezi ya katikati

Tumfikirie kijana mmoja wa Chaani, mwenye miaka 22, dereva wa bodaboda. Si mtu fulani. Ni mfano wa kutuonyesha hatua zenyewe.

Saa tatu usiku lori linamkwaruza, anaangukia kichwa, anazimia kwa dakika kama kumi. Wenzake wanampakia kwenye tuktuk. Hospitalini anashonwa, anaangaliwa usiku kucha. Asubuhi familia inaambiwa apigwe picha ya kichwa. Wanachanga, wanavuka Makupa hadi hospitali kuu ya Makadara kisiwani, picha inaonyesha hakuna damu ndani. Wanashukuru Mungu. Anaondoka na karatasi yenye majina ya dawa mbili, ya maumivu na ya kuzuia kidonda kuoza, na tarehe ya kutolewa nyuzi. Hakuna aliyemwambia kwamba kwa wiki kadhaa asiendeshe, asinywe pombe wala kumeza vidonge vya usingizi, na kwamba hasira na usahaulifu vitakavyokuja ni sehemu ya ugonjwa.

Wiki ya pili mwenye pikipiki anataka pesa yake ya kila siku, au atampa mtu mwingine funguo. Kijana anarudi barabarani. Anasahau kumrudishia abiria chenji, wanagombana. Anapitiliza njia anayoijua tangu utotoni. Nyumbani hataki redio, hataki watoto wacheze mlangoni. Mama anasema, "Mwanangu kabadilika," na jirani anamshauri ampeleke akasomewe, kwani huenda kijana amefanyiwa jambo. Anasomewa, na kisomo kinamtuliza mama kuliko kinavyomtuliza yeye. Usiku halali. Mwenzake anampa kidonge, analala kwa mara ya kwanza tangu ajali.

Mwezi wa nne pikipiki inapewa mtu mwingine. Mwezi wa tano anashinda maskani, mahali pekee ambapo hakuna anayemuuliza kwa nini amesahau. Huko kokteli inapita mkono kwa mkono, tumbaku na bangi iliyonyunyiziwa unga. Mwezi wa nane, asipoipata, arosto, maumivu ya kukosa dawa, inamkunja tumbo. Mtungi wa gesi wa nyumbani unatoweka, halafu simu ya dada. Mwezi wa kumi anashikwa kwenye ploti ya watu na umati unampiga, kichwani, kwa mbao. Anapofikishwa tena Port Reitz, safari hii amechanganyikiwa na hasemi la maana, faili mpya inafunguliwa na ndani yake panaandikwa dawa za kulevya. Ile faili ya kwanza, yenye nyuzi na picha safi, imo kwenye rafu nyingine. Mama anaulizwa ameanza lini kutumia. Haulizwi kama aliwahi kuanguka.

Mzunguko unavyojifunga

Uraibu ukishaingia, nao huujeruhi ubongo kwa njia zake. Heroini hupunguza kasi ya kupumua. Anayezidisha huweza kukaa dakika kadhaa bila hewa ya kutosha, na seli za sehemu inayoshughulika na kumbukumbu ni miongoni mwa za kwanza kufa. Wenzake wakimmwagia maji na kumpiga makofi akazinduka, maskani husema kapona. Amenusurika, lakini huenda hakurudi mzima, na akizidisha mara ya tatu au ya nne hasara inajumlika. Ipo dawa, naloxone, inayoweza kumrudisha mtu pumzi ndani ya dakika chache. Ikikaa kwenye kabati la hospitali kubwa tu, haimfikii aliyelala nyuma ya kibanda. Mwaka 1982 madaktari wa Uholanzi waliripoti hatari nyingine: wagonjwa waliovuta mvuke wa heroini iliyochomwa kwenye karatasi ya fedha wakaharibika nyuzi nyeupe za ubongo, wakashindwa kutembea vizuri na kutamka maneno.

Ongeza kipigo. Teja anayeshukiwa wizi hapigwi miguuni. Ongeza mapanga ya magenge ya vijana yaliyotikisa Kisauni na Likoni. Ongeza jela: tafiti za nchi mbalimbali zimekuwa zikikuta kwamba takriban nusu ya wafungwa au zaidi wana historia ya jeraha la ubongo, na hakuna sababu ya kudhani kwamba gereza la Shimo la Tewa limeepukana na hali hiyo. Kwa hiyo swali la nini kilitangulia, dawa au jeraha, hufika mahali likapoteza maana kwa mtu aliyeko mbele yetu. Linabaki na maana kwa mdogo wake, ambaye bado hajaanguka.

Tiba iliyotungwa kwa ubongo mzima

Vituo vya kurekebisha tabia, pamoja na kile cha NACADA cha Miritini, hufanya kazi inayohitajika. Lakini njia zao zimetungwa kwa mtu anayeweza kukaa kwenye kikao cha saa nzima, kusikiliza, kukumbuka jana kilisemwa nini, na kuunganisha kosa la leo na matokeo ya kesho. Mwenye jeraha la sehemu ya mbele hushindwa hayo hata akitaka. Anachelewa, anakatiza wenzake, anarudia kosa aliloahidi asubuhi kuliacha. Mshauri anaandika kwamba ni mkaidi, hana nia. Anafukuzwa au anatoroka, na familia iliyouza mbuzi au kiwanja kulipia ada inahitimisha kwamba mtoto wao ameshindikana.

Methadoni ina hadithi yake. Tanzania bara ilianza huduma hiyo Muhimbili Februari 2011. Kenya ilifuata Mathari, Nairobi, Desemba 2014, kisha Malindi. Ilipofika Mombasa iliwekwa Kisauni. Kwa anayetoka Port Reitz, hiyo ilikuwa safari ya kukatiza kisiwa kizima kila siku, kwa sababu mgonjwa hunywa dozi yake mbele ya mhudumu. Akikosa siku kadhaa mfululizo, dozi hupunguzwa na kuanza kupandishwa upya kwa usalama wake. Ratiba hiyo humbana mtu yeyote. Kwa aliyepoteza kumbukumbu, bila ndugu wa kumwamsha na kumpa nauli, ni mtihani anaoufeli kabla ya kuuanza. Na huduma zenyewe ziliegemea fedha za wafadhili. Marekani iliposimamisha misaada ya nje Januari 2025, asasi zilizokuwa zikiwafuata waraibu mitaani ziliyumba, na kwa mgonjwa wa aina hii kufuatwa mtaani si anasa, ndiyo tiba yenyewe.

Yapo mambo ya kutia moyo. Nyumba za upataji nafuu za Zanzibar, zinazoendeshwa kwa sehemu kubwa na waliowahi kuwa waraibu wenyewe, zinaendesha siku kwa ratiba kali: kuamka, kufagia, kikao, chakula, kikao, kila siku vilevile. Zilianzishwa kwa ajili ya uraibu, lakini ratiba isiyobadilika ndiyo hasa inayoushikilia ubongo uliojeruhiwa. Hata Gage, ambaye vitabu hupenda kumwacha akiwa ameharibika tu, alikwenda Chile mwaka 1852 na kuendesha magari ya farasi ya abiria kwa miaka kadhaa, kazi yenye saa, njia na wajibu unaojirudia. Uharibifu wa ubongo si hukumu ya maisha. Unahitaji mazingira yanayombeba mtu mahali ambapo breki zake hazishiki.

Nini kimeporomoka

Ni rahisi kusema vijana wa upande huu wa Mombasa wameharibika. Wazee wa kila zama wamesema hivyo. Ukifuata hatua moja moja, kilichoporomoka ni mfuatano wa watu waliokuwa wakimwangalia aliyeumia: msimamizi wa kazi aliyejua kwamba jana ulianguka, daktari wa kiwanda, fundi mkuu aliyeweza kukupa kazi nyepesi kwa mwezi mmoja. Bodaboda haikuleta mtu wa kushika nafasi zao. Kazi yao yote imeangukia kwa mama na maskani, na maskani iko wazi saa zote.

Sheria kwa upande wake imetangulia huduma. Jopo la serikali lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe janga la kitaifa, na marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yanamtambua mwenye uraibu kuwa mgonjwa anayestahili matibabu. Kisichokuwepo ni daraja kati ya chumba cha majeruhi na huduma hizo.

Daraja hilo ni la bei nafuu. Kwanza ni swali moja kwa kila anayepokelewa kwa ajili ya dawa za kulevya, awe wodini, Miritini au kwenye kliniki ya methadoni: umewahi kupigwa au kuanguka kichwa ukapoteza fahamu, mara ngapi, na mara ya kwanza ukiwa na umri gani? Timu ya Corrigan imekuwa ikitumia maswali ya namna hiyo kwa miaka mingi na hayahitaji mashine yoyote. Pili ni karatasi ya Kiswahili anayopewa aliyeumia kichwa pamoja na anayemuuguza, ikitaja dalili za miezi mitatu na vitu vya kuepuka. Tatu ni simu mbili za mhudumu wa afya ya jamii, ya mwezi wa kwanza na ya mwezi wa tatu, wakati ule mlango wa Corrigan bado uko wazi. Nne ni vikao vifupi, vilivyorudiwa na kuandikwa, kwa wale waliojibu ndiyo. Na kabla ya yote hayo, helmeti yenye mkanda uliofungwa, na vyama vya bodaboda vinavyomwekea mwenzao nafasi kwenye steji kwa wiki sita bila kupoteza zamu yake.

Tangu ugatuzi wa 2013, afya ni jukumu la kaunti. Chumba cha majeruhi cha Port Reitz na wodi yake ya akili vina bosi mmoja na bajeti moja, kwa hiyo hapa hakuna wa kumtupia mpira. Swali lile likianza kuulizwa na majibu yakaandikwa, ndani ya mwaka mmoja Mombasa itakuwa na hesabu yake yenyewe ya ni waraibu wangapi walianzia barabarani. Hesabu hiyo inaweza kuonyesha kwamba makala haya yametia chumvi, au kwamba yamesema kidogo. Vyovyote itakavyokuwa, mgonjwa wa wodi ya akili atatibiwa kwa historia yake yote badala ya nusu yake ya mwisho.